Blade Runner: yako inaishia kwenye lifti au kwenye milima?

FundiTivii58, Nakuru

Wadau, nisaidieni kumaliza ugomvi wa kifamilia. Mimi niko Section 58, shemeji yangu yuko Nyalenda, Kisumu, na tangu Jumapili tunarushiana ujumbe kuhusu Blade Runner, ile ya Ridley Scott ya 1982 yenye Harrison Ford. Yeye anashikilia kwamba inaishia kwenye lifti: Deckard, yule polisi anayewinda replikanti (watu wa kutengenezwa), na Rachael, mpenzi wake, wanaingia, mlango unajifunga, majina yanaanza kupanda. Yangu haiishii hapo. Yangu wako ndani ya gari, jua linawaka, kuna milima na misitu ya kijani mpaka jicho linachoka, na Deckard anatuambia kwamba Rachael hakuwekewa tarehe ya kufa kama replikanti wenzake.

Si hilo tu. Kwenye yangu Deckard anasimulia toka mwanzo, sauti yake inapita juu ya picha. Kwenye yake hakuna neno. Kwenye yake kuna farasi mweupe mwenye pembe moja anakimbia msituni. Mimi farasi sijamwona.

Kila mmoja alijaziwa flashi kwenye duka la muvi la mtaani kwao, na faili zote mbili zimeandikwa jina tu, hakuna mwaka wala nini. Ipi ndiyo yenyewe? Na kama ziko nyingi, mtu aanze na ipi? Ambaye hajaitazama akae mbali na uzi huu, maana hapa kila kitu kitamwagwa.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Mko sawa nyote wawili. Mmetazama matoleo tofauti ya sinema moja.

Yanayojulikana zaidi ni matano, na mwaka 2007 yalitolewa yote pamoja katika kasha moja la diski. Usihangaike na urefu, hautakusaidia: nakala ya kazi ni kama dakika 113, na mengine yote yanacheza kwenye 116 au 117. Kilichobadilika kiko ndani.

Tuanze na hiyo nakala ya kazi, maana ndiyo iliyoleta balaa lote. Machi 1982, sinema ikiwa haijakamilika na muziki wa Vangelis haujaingia wote, ilionyeshwa kwa watazamaji wa majaribio Denver na Dallas. Watu walimjia Ford wa Star Wars na Raiders of the Lost Ark, shujaa wa kuchapa watu. Wakakuta polisi mchovu, mlevi, anayepigwa na karibu wote anaowawinda, katika Los Angeles ya Novemba 2019 isiyokauka mvua. Maoni yao yalikuwa mabaya: haieleweki, inahuzunisha. Kufikia hapo utengenezaji ulikuwa umeshakula kama dola milioni 28, na waliodhamini ikamilike, Bud Yorkin na Jerry Perenchio, wakawa na sauti kumshinda Scott. Dawa zao zilikuwa mbili: Ford aeleze kinachoendelea, na wapenzi watoroke salama. Maneno ya kusimulia yaliyotumika yaliandikwa na Roland Kibbee, na Ford mwenyewe hakuyapenda. Ile milima yako iliyopigwa kutoka juu ni mabaki ya picha za helikopta alizokuwa nazo Stanley Kubrick kutoka The Shining ya 1980. Scott aliomba, akapewa.

Hiyo ndiyo iliyoingia kumbi za Marekani tarehe 25 Juni 1982. E.T. ilikuwa na wiki mbili sokoni na watu wote wamejaa huko. Blade Runner ikafifia. Nchi nyingine zilipelekewa toleo lilelile lenye damu zaidi: Roy, kiongozi wa replikanti waliotoroka, anamtoboa macho Tyrell, mwenye kampuni iliyowatengeneza, kwa vidole gumba nawe unaona, Pris, mwenzake Roy, anamwinua Deckard kwa matundu ya pua, msumari unaonekana ukipenya kiganja.

Ikakaa hivyo miaka. Mwaka 1990 nakala ya kazi ikachomolewa stoo na kuonyeshwa Los Angeles, mwaka uliofuata tena huko na San Francisco, na watu wakafurika wakiamini ndiyo toleo la mwongozaji. Scott akasema hapana, hiyo si yangu. Kampuni ya Warner ikaona kuna pesa. Ndipo likaja toleo la 1992: masimulizi nje, milima nje, farasi ndani. Kazi ya mikono ilifanywa na Michael Arick, mtu wa kuhifadhi filamu, akifuata maelezo ya Scott, na muda ulikuwa mfupi. Scott hakuridhika sana nalo. Alikuja kuridhika na la 2007, linaloitwa Final Cut, ambalo alilisimamia mwenyewe mwanzo hadi mwisho. Lilionyeshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice mwaka huohuo.

Kwa hiyo shemeji ana la 1992 au la 2007. Wewe una moja kati ya mawili ya 1982. Tyrell anapokufa, uliona damu?

FundiTivii58, Nakuru

Sikuona. Roy anamshika kichwa, anambusu, anabana, Tyrell analia, tunahamishwa. Basi langu ni la Marekani.

Mwalimu, nashukuru. Nitamtumia hii shemeji, ila ile sehemu ya "mko sawa nyote wawili" nitaikata.

Kaptembwo_Zamani, Nakuru

Nimeshaona uzi huu unakoelekea. Saa hii watakuja watu kusema masimulizi ni takataka na toleo la 1982 litupwe. Wacha nitangulie.

Mimi nilikulia kwenye mabenchi ya video show hapa Kaptembwo. Sinema ambayo hakuna mtu wa kuisemea tuliona kama imepungua kitu. Ukija na kanda ya Kichina bila DJ wa kuisemea watu wanaondoka. DJ Afro na wenzake wametufundisha kwamba sauti juu ya picha ni sehemu ya burudani, si kasoro. Sasa Mmarekani akifanya hivyo mwaka 1982 tuambiwe ameharibu? Tena sinema zenyewe ambazo Scott alikuwa anazifuata, zile za wapelelezi wa miaka ya 1940, kofia, sigara na mwanamke wa mashaka, nyingi zilikuwa na mpelelezi anayesimulia. Masimulizi hayakuanguka kutoka mbinguni.

Na kuna mahali yanaongeza kitu. Pale mwanzo kwenye kibanda cha tambi, Gaff, polisi mwingine, anakuja kumkamata Deckard, anaongea ile lugha ya mtaani ya kuchanganya Kijapani, Kihispania, Kijerumani na vingine. Mpishi anamtafsiria. Bila masimulizi unadhani Deckard haelewi. Kwenye toleo la 1982 anakuambia kabisa kwamba alikuwa anaelewa kila kitu, ila hakutaka kumrahisishia Gaff kazi. Hilo linakupa tabia ya mtu papo hapo. Ukilitoa, umempunguza.

Halafu wanasema Ford alisoma vibaya makusudi ili yasitumiwe.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Hilo la makusudi Ford alilikana. Alisema alisoma kadiri alivyoweza, ila hakudhani wangeyatumia. Mimi nikimsikiliza nasikia mtu aliyechoka, na hiyo si dhambi kwa mpelelezi. Dhambi ni maneno aliyopewa. Hapohapo kwenye tambi anatuambia mke aliyeachana naye alimwita samaki baridi. Kisha anatufafanulia Bryant, mkuu wake, ni mtu wa aina gani, wakati Bryant tayari amekaa mbele yetu na amefungua kinywa na tumejua.

Nyar_Dunga, Kisumu

Kaptembwo, omera, umeanza vizuri ukaishia kwenye tambi. Mimi pia nimelelewa na ma-DJ, huku Manyatta tulikuwa nao. Lakini DJ anafanya nini? Anampa jambazi jina la kondakta wa mtaani kwenu, anamfanya Mmarekani anunue omena, anabishana na mwigizaji. Anatia kitu ambacho mwongozaji hakukiweka. Ukitoka pale umetazama sinema mbili kwa pesa ya moja. Deckard anakueleza sinema ileile ambayo macho yako yanaiona.

Chukua kifo cha Roy, kwa sababu hapo ndipo matoleo haya yanapoachana kabisa.

Yuko juu ya paa, mvua inamwagika, amejichoma msumari kiganjani ili mkono wake unaokufa uamke, na kwa mkono huo amemvuta Deckard aliyekuwa anakaribia kuanguka. Anakaa chini na njiwa wake. Anasema aliyoyaona: merikebu zikiungua karibu na Orion, miale iking'aa gizani karibu na lango la Tannhäuser. Yote hayo yatapotea, anasema, kama machozi mvuani. Mnajua kwamba Rutger Hauer, aliyeigiza Roy, aliyapunguza maneno ya skripti, akaiweka mwenyewe ile ya machozi. Anainamisha kichwa. Njiwa anaruka.

Kwenye toleo la 1992 na la 2007, kinachofuata ni mvua na uso wa Ford. Uso uliovimba, unaopepesa macho. Hakuna mtu anayekuambia chochote. Unakaa na yule aliyekufa mpaka Gaff anapotokea.

Kwenye la 1982, kabla hujavuta pumzi, Deckard anaanza: hajui kwa nini alimwokoa, labda dakika zile za mwisho aliupenda uhai kuliko wakati wowote, si wake tu, wa mtu yeyote, alitaka majibu yaleyale sisi sote tunayoyataka, nimetoka wapi, ninaenda wapi, nimebakiwa na muda gani. Sasa nauliza. Roy si amemaliza kulisema hilo? Si amelisema vizuri zaidi? DJ wa Manyatta akifika mahali mtu anakufa kifo cha maana, alikuwa ananyamaza. Alijua.

Cha ajabu, nakala ya kazi nayo ina masimulizi, na ni hapo tu, sinema yote iliyobaki haina. Lakini maneno ni mengine. Deckard anasema alimtazama akifa usiku mzima, kifo kirefu, cha polepole, na yule jamaa hakulia wala hakukata tamaa, aliutumia muda wake wote kama mtu aliyependa kila sekunde, hata maumivu. Hayo nayakubali kidogo, kwa sababu yananiletea habari ambayo picha haina. Picha inanionyesha dakika chache. Sauti inaniambia ilikuwa usiku mzima. Hapo Deckard amekesha na adui yake anayekufa. Kama ningelazimishwa kuwa na msimulizi ningemchukua huyo. Lakini sijalazimishwa.

Kaptembwo_Zamani, Nakuru

Hapo kwa DJ kunyamaza sina jibu.

Kibanda cha tambi bado ni changu.

Nyar_Dunga, Kisumu

Tazama tena macho ya Ford pale kwenye tambi, bila masimulizi. Mpishi anatafsiri, yeye anakula tu, hapepesi. Mtu asiyeelewa huinua uso. Sisi tunaoishi na Kijaluo, Kiswahili, Kiingereza na sheng kwenye sentensi moja hatuhitaji kuambiwa nani anajifanya hasikii.

Mto_Nzoia, Bungoma

Jameni mimi masimulizi yanaweza kubaki, sina shida. Mwisho ndio siwezi.

Kumbuka Gaff alivyosema kule juu ya paa: ni huruma kwamba yule mwanamke hataishi, lakini nani anaishi? Ndiyo kauli nzito kuliko zote kwenye sinema. Inamwambia Deckard, na wewe uliyekaa kwenye kochi, kwamba ile miaka minne ya replikanti na miaka yako sabini ni kitu kimoja kwa kipimo tofauti. Deckard anarudi nyumbani, anamkuta Rachael hai, wanatoka, kiatu cha Rachael kinagusa kikaratasi cha farasi kilichokunjwa, Deckard anakiokota, anasikia tena maneno ya Gaff kichwani, anatikisa kichwa kukubali, wanaingia kwenye lifti. Mlango. Hawajui wana muda gani, wanaondoka hivyohivyo.

Halafu toleo la 1982 linakuja na gari na jua kukuambia: aa, usijali, huyu alitengenezwa bila tarehe. Kumbe Gaff alikuwa anapiga domo tu! Umeondoa uzito wa sinema nzima kwa sentensi moja ndani ya gari.

Na hiyo milima. Watu wamejazana kwenye jiji lenye giza mchana, wanyama wamekwisha mpaka bundi na nyoka wanatengenezwa kiwandani, matangazo yanapita angani yakiwashawishi watu wahamie makoloni ya sayari nyingine. Halafu ukitoka kidogo na gari unakuta kijani kimetulia, hakuna hata kibanda. Kwa nini hawakuhamia hapo? Nani anaacha mahali kama pale aende kuishi Mars?

(Samahani kwa hasira. Mara ya kwanza kuitazama stima ilipotea mlango wa lifti ukifunga, nikadhani imeisha, nikalala nimefurahi. Kesho yake nikaimalizia.)

FundiTivii58, Nakuru

Mto Nzoia, sasa umenifanya niione milima yangu kwa jicho baya. Niliipenda. Baada ya karibu saa mbili za mvua mtu anahitaji jua.

Swali la kikazi. Nina wateja wanaoniletea tivii na flashi zao, wengine wananiomba niwawekee muvi nzuri. Nitajuaje faili ni la toleo lipi bila kutazama yote?

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Rahisi. Kimbiza mpaka Deckard anaposoma gazeti kwenye mvua akisubiri nafasi ya kula. Akianza kuongea na mdomo wake haufunguki, ni 1982. Ukitaka kujua la Marekani au la nje, nenda kwenye kifo cha Tyrell.

Kama yuko kimya, sogea mpaka ofisini kwa Bryant. Replikanti waliotoroka ni sita. Kwenye 1992, kama 1982, Bryant anasema mmoja aliungua na umeme wakijaribu kuvamia jengo la Tyrell. Kwenye 2007 anasema wawili. Au ukiwa na haraka zaidi nenda moja kwa moja kwa njiwa wa Roy: akirukia anga ya samawati ya mchana wakati kila mtu amelowa usiku, si la 2007. La 2007 njiwa anapanda gizani kwenye mvua.

Nakala ya kazi haina yale maandishi ya kupanda ya mwanzo yanayoeleza replikanti ni nini. Inaanza na maana ya neno, kama limetolewa kwenye kamusi. Hiyo huwezi kukutana nayo kwa bahati.

Mwanza_Mawe, Mwanza

Wakuu, habari za ng'ambo ya ziwa. Nimesoma kimya kimya, sasa nimeshindwa. Hiyo hesabu ya Bryant imenigusa. Sita wametoroka, mmoja ameungua, wanabaki watano. Tunaowaona ni wanne: Roy, Pris, Leon, Zhora. Wa tano yuko wapi? Mimi miaka yote nimeamini wa tano ni Deckard mwenyewe, wamemfuta kumbukumbu wakamtuma awinde wenzake. Sasa mnaniambia 2007 wamebadilisha hesabu?

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Wamerekebisha, mkuu. Kwenye skripti alikuwepo replikanti mwingine, mwanamke aitwaye Mary, akaondolewa kabla hajapigwa picha. Sentensi ya Bryant ikabaki na hesabu yake ya zamani. Ulichojengea imani ni makosa ya kuhesabu.

Lakini usivunjike moyo. Ushahidi wa Deckard kuwa replikanti hauko kwenye hesabu, uko kwenye farasi, na farasi hayuko kabisa kwenye toleo la 1982 wala nakala ya kazi. Fikiria. Rachael anapokuja kwa Deckard kujitetea kwamba ni binadamu, Deckard anamsomea kumbukumbu zake za siri: buibui wa dirishani, mwenye mwili wa rangi ya machungwa na miguu ya kijani, na watoto wake waliomla. Hajawahi kumwambia mtu. Deckard anazijua kwa sababu zilipandikizwa, ni za mpwa wa Tyrell. Ndivyo replikanti anavyojulishwa kwamba ni replikanti: mtu mwingine anajua kilicho kichwani mwake.

Sasa Deckard amekaa kwenye piano, ndotoni anamwona farasi mwenye pembe. Hamwambii mtu. Mwishoni Gaff anamwachia mlangoni farasi wa karatasi mwenye pembe. Unaona? Kwenye 1982 karatasi ile inasema tu: nilifika hapa, nikamwacha hai. Kwenye 1992 karatasi ileile, picha ileile, haijaguswa, inasema: najua unachoota. Sekunde chache zilizochomekwa katikati ya sinema zimegeuza maana ya kitu kilichoko mwisho. Kwangu hayo ndiyo mabadiliko makubwa kuliko yote, kuliko masimulizi, kuliko milima ya Kubrick. Na 2007 wameirefusha ndoto, tena Deckard anaonekana macho wazi.

Scott alisema hadharani mwaka 2000 kwamba Deckard ni replikanti. Kwake limekwisha.

Nyar_Dunga, Kisumu

Kwake. Ford kwa miaka mingi alishikilia kwamba ni binadamu: watazamaji wanahitaji mtu mmoja wa kusimama naye. Hampton Fancher, aliyeandika skripti ya kwanza, naye alitaka libaki swali.

Mwalimu, nakuheshimu, lakini angalia unachokiuza. Paa. Roy ni mashine, amebakiwa na dakika, ana kila sababu ya kumwacha Deckard aanguke, na anamwokoa. Kama Deckard ni binadamu, basi mashine imemfundisha binadamu utu, na binadamu aliyefika pale kuua anashuka akiwa mtu mwingine. Kama Deckard naye ni mashine, basi mashine mbili zimesaidiana. Vizuri, hongera zao. Sinema yenyewe imekwenda wapi?

Ndiyo maana mimi naipenda 2007 lakini farasi namvumilia tu.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

Dada, mimi naona kinyume. Katika sinema nzima Deckard anawaita vifaa, anawaua kwa mkataba, anampiga Zhora risasi mgongoni akikimbia kati ya vioo. Iwapo yeye ni mmoja wao, kila risasi aliyopiga inarudi kwake. Hilo lina uzito wake.

Nyar_Dunga, Kisumu

Lina uzito siku ya kuligundua. Yeye anagundua zimebaki sekunde ngapi? Anatikisa kichwa, anaingia kwenye lifti. Hakuna muda wa risasi kurudi popote.

Picha_Lanet, Nakuru

Mimi napiga picha za harusi, kwa hiyo mnisamehe, falsafa nitawaachia nyinyi. Nilitazama Zhora akifa kwenye matoleo mawili, moja baada ya jingine. Kwenye ya zamani, anapovunja vioo akianguka, unaona kabisa ni mtu mwingine, amevaa nywele za bandia ambazo hata hazikai sawa. Ndiyo sehemu nzuri kuliko zote kwa mwanga, zile neoni, theluji ya bandia, koti la plastiki lenye damu, na katikati yake kuna nywele za bandia! 2007 walimwita Joanna Cassidy mwenyewe, baada ya miaka 25, wakampiga picha ya uso na kuubandika pale kwa kompyuta. Huwezi kujua. Pale kwa muuza nyoka, Deckard alikuwa anaongea midomo ikienda njia yake. Wakatumia mdomo wa Ben Ford, mtoto wa Harrison, kuirekebisha. Waya zilizoinua yale magari ya kupaa zimefutwa. Hizo ni kazi za heshima.

Lakini rangi. Nani aliwaambia waimwagie sinema yote kijani-samawati? Jordan Cronenweth, mpiga picha wa sinema hii, alipiga mwanga wa kila aina, dhahabu ofisini kwa Tyrell, weupe wa taa zinazopita dirishani, na 2007 mengi yameegemea upande mmoja. Ngozi ya Rachael inakaa kama ana homa. Nikipata toleo la 1992 lililosafishwa vizuri natazama hilo, nywele za bandia na njiwa wa mchana vikiwemo.

Kaptembwo_Zamani, Nakuru

Hatimaye mtu mwingine wa kutetea cha zamani!

Shemeji_Nyalenda, Kisumu

Nimetumiwa uzi huu ukiwa umekatwa mwanzo. Nikaufuata mwenyewe, nikasoma jibu la kwanza la Mwalimu lote. Asante Mwalimu.

Nimefuata maelekezo. Bryant wangu anasema wawili, njiwa anarukia gizani. Basi langu ni la 2007. Nimefurahi, maana kuna jambo moja hapa hamjaligusa na lilinisumbua. Roy anapofika kwa Tyrell na kudai uhai zaidi, kwenye langu anamwita baba. Jirani yangu hapa ana la 1992, tumelifungua, na mle anamtukana tusi zito. Ipi bora?

Mto_Nzoia, Bungoma

Baba. Dakika moja baadaye anambusu mdomoni kabla ya kumuua. Tusi linaifanya iwe hasira ya kawaida.

Mwanza_Mawe, Mwanza

Tusi. Mtoto anayekuja usiku na hesabu ya siku zake mkononi hana muda wa heshima. Tena Tyrell baadaye ndiye anayejifanya baba, anamwita mwana mpotevu. Roy akitangulia kumwita baba, ule unafiki wa mzee unapungua makali.

FundiTivii58, Nakuru

Shemeji, karibu. Jumamosi njoo Nakuru na flashi yako. Nina tivii mbili hapa za wateja zimeshapona, tutaziweka sambamba, moja 1982 na nyingine 2007, tuanze pale Leon anapomkamata Deckard barabarani na kumwambia aamke, saa ya kufa imefika. Kaptembwo si mbali, aje. Lakini kabla ya hapo nataka kujua: kwa mtu ambaye hajawahi kuiona kabisa, tumpe ipi? Dada yako amesema atatazama moja tu, mara moja tu.

Mwalimu_Lurambi, Kakamega

2007.

Picha_Lanet, Nakuru

2007, na umpunguzie kijani kwenye rimoti.

Kaptembwo_Zamani, Nakuru

1982, mimi nikiwa hapo nimsemee juu ya Deckard.

Nyar_Dunga, Kisumu

2007, na usimwambie lolote kuhusu farasi kabla. Akimaliza muulize Deckard ni nini. Nina hakika atasema binadamu, kwa sababu amemwona Leon akimtupa kama nguo, Pris akimkalia shingoni, Zhora akimkaba na tai yake mwenyewe. Anayesema huyo alitengenezwa kiwandani kuwinda replikanti aniambie ni kiwanda gani hicho kilichotoa kifaa kibovu namna ile, nami nitanyamaza.

Mwanza_Mawe, Mwanza

Kimetengenezwa kisijue kwamba ni kifaa, dada. Nguvu zingemfichua.

Nyar_Dunga, Kisumu

Rachael naye hakujua. Na ndiye aliyempiga Leon risasi.